Mahali pa Kumlaza Domitilla

Bibi Domitilla Zanchetta alikufa Jumatatu alfajiri akiwa na miaka tisini na mitano, na mpaka Jumatano saa tatu asubuhi hakuna mtu katika mji wetu aliyejua kwamba hana pa kuzikwa. Mtu angetuambia tungemcheka. Jina lake lilikuwa limeshachongwa kwenye marumaru tangu mwaka sabini na mbili, alipokufa mumewe, Egidio. Picha yake ya ujanani ilikuwepo, mwaka wa kuzaliwa ulikuwepo, kisha kistari, kisha nafasi tupu. Kila Jumapili baada ya misa, mpaka nguvu zilipomwisha, alisimama mbele ya jina lake mwenyewe, akapangusa jivu la miwa inayochomwa mashambani, akaweka maua mafungu mawili, akarudi nyumbani kupika.

Sisi Waitaliano wa huku kwenye miwa, kaskazini ya Queensland, Australia, hatuzikani ardhini. Wengine wanazikana ardhini, shauri yao. Sisi tunajenga nyumba za zege zenye rafu, na kila ukoo unalala rafuni mwake mkavu. Sababu ni maji. Mwezi wa Februari, ukichimba futi mbili tu, maji yanakuchungulia. Domitilla alikuja kwa meli akiwa bibi harusi aliyeozwa kwa picha, msichana wa milimani, na katika masika yake ya kwanza alimwambia yule mume aliyemjua kwa wiki sita: "Egidio, nitakupikia, nitakuzalia, na miwa nitakata ukitaka. Lakini nikifa usinitie majini." Egidio alihangaika miaka kumi na minane mpaka akaisimamisha nyumba ya rafu mbili, ya kwake chini na ya mkewe juu. Miaka mitatu baadaye akaihamia.

Mwana wao Silvano alikuwa na miaka sitini na sita. Mkewe alimwacha zamani, naye Silvano akarudi kukaa na Domitilla, na miaka sita ya mwisho alimlisha kwa kijiko na kumwogesha kwa mikono yake. Tulimheshimu kwa hilo, ingawa mwenyewe alikuwa mtu mkavu, si wa kuchekacheka. Wiki ya mwisho alimshika mama yake mkono akamwambia, "Usiogope. Utalala juu ya baba, pakavu." Mama akamtazama kwa muda mrefu. "Tutaona," akasema.

Basi Jumatano hiyo Silvano alikwenda makaburini na Kerrigan, mwenye kampuni ya mazishi, kuifungua rafu ya juu na kuisafisha kwa ajili ya Ijumaa. Vijana wawili wa Kerrigan walifungua skrubu za shaba, wakalishusha lile bamba la marumaru polepole. Kerrigan akamulika tochi ndani. Akaizima. Akaiwasha tena.

"Silvano," alisema, "humu mna mtu."

"Ni baba."

"Baba yako yuko chini. Huyu yuko juu."

Silvano aliinama akatazama. Lilikuwa jeneza la zamani, mbao zake zimekuwa nyeusi, na kwenye kichwa chake kibati cha shaba. Alilowesha kidole gumba kwa mate akakisugua. ORNELLA BATTISTEL, 1954–1974.

"Ornella Battistel yuko Italia," akasema, kama mtu anayemsahihisha karani.

Na sisi sote tungesema hivyo hivyo. Ornella wa akina Battistel alipelekwa Italia kwa mashangazi zake mwaka sabini na tatu, akaolewa huko na mwenye duka la dawa, akajivuna, hakuandika tena. Mji mzima ulijua.

"Unaweza kumtoa?" Silvano aliuliza.

"Siwezi kumgusa bila sahihi ya ndugu yake wa karibu. Na nikimtoa, atatoka na jeneza lake zima. Majeneza ya rafuni yana bati ndani, limechomelewa. Sheria hainiruhusu kulifungua wala kuihamishia mifupa kwenye kisanduku kidogo. Ni yeye au mama yako. Wawili hawaingii." Kerrigan akashusha sauti. "Tufunike? Tunatazamwa."

Kweli, ng'ambo ya njia alisimama mwanamke na ndoo yake ya kumwagilia maua, na maua yenyewe alikuwa ameshayasahau.

*

Kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imeshafika kwenye duka la mikate, na huko ilikuwa imenona. Egidio Zanchetta, yule mpole, amekutwa kaburini na msichana wa miaka ishirini. Loredana, dada yake Silvano, aliyefika kutoka Brisbane na binti yake Nives, alikwenda kununua mikate ya msiba akaukuta mstari wote umenyamaza.

"Pole, mwanangu," mwenye duka alimwambia, akimpa chenji bila kumtazama. "Na mama yako alikuwa akiweka maua mafungu mawili, masikini. Kumbe alijua."

"Alijua nini?"

"Ah, mambo ya wanaume."

"Baba yangu alikufa mwaka sabini na mbili. Huyo msichana alikufa sabini na nne. Unajua kuhesabu?"

"Mimi sisemi kitu, mwanangu. Watu ndio wanasema."

Udaku haujui hesabu, haujapata kujua. Loredana alirudi nyumbani akautupa mfuko wa mikate juu ya meza ya jikoni. Mezani alikuwa Pierina, shoga wa mama yao tangu enzi za kuwapikia wakata miwa, bibi wa miaka tisini na mmoja, anamenya viazi vya kumtosha kila atakayekuja kutoa pole. Silvano alikuwa amesimama dirishani. Nives alikuwa na daftari, kwa sababu yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusema neno kanisani.

"Zia Pierina," Loredana alisema, akimwita shangazi kama walivyozoea, "wewe ulikuwa kama pacha wake. Sema."

Pierina hakuinua kichwa. "Nilijua siku hii itakuja. Nilimwomba Mungu anichukue kabla yake. Hakunisikia, ana kazi nyingi."

Akaeleza huku akimenya. Ornella alipata mimba. Ya nani, alikufa na siri hiyo moyoni. Baba yake, mzee Battistel, alimfungia kwenye kibanda cha nyuma ya shamba tangu Oktoba, akatangaza kwamba amempandisha meli. Uchungu ulimshika Februari, mto umefurika. Mzee alikataa kumwita daktari kwa sababu daktari ana mdomo. Siku ya tatu ndipo mkewe alipotoroka kwenye mvua akamfuata Domitilla, maana katika mji huu mwanamke akikwama alimfuata Domitilla. Domitilla akamleta daktari kwa nguvu, lakini waliwakuta wameshakata roho, mama na mtoto.

"Mzee akasema wazikwe kwenye kona ya wasio na watu, asubuhi mapema, bila jina. Shimo lilikuwa limejaa maji, nililiona kwa macho yangu. Mama yenu akamwambia, Battistel, una nyumba ya rafu sita, zote tupu. Akasema, hakuna malaya atakayelala nilipojenga mimi. Mama yenu akamtemea mate miguuni, akasema, basi lete kwangu." Pierina alichukua kiazi kingine. "Padri aliandika kitabuni mwake, daktari akaandika cheti, serikali ikajua. Mji ndio haukujua. Mtoto yumo mle mle, kwenye mkono wa mama yake. Niliwavalisha mimi."

"Miaka hamsini!" Silvano aligeuka. "Miaka hamsini anakaa nami meza moja, hasemi!"

"Alimwapia mama yake Ornella. Halafu huyo akafa, kiapo kikaisha. Tangu hapo kila mwaka aliniambia, Pierina, mwaka huu namwambia Silvano. Kila mwaka, mwaka huu. Alikuogopa."

"Mimi? Mimi niliyekuwa namwogesha?"

"Wewe. Tangu ile baiskeli."

Habari ya baiskeli tunaijua wote. Tulikuwa tukiisimulia kwa kucheka. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja aliokota chupa misimu miwili akanunua baiskeli ya mtumba, nyekundu, na wiki hiyo hiyo mama yake akaichukua akampa mtoto wa mkata miwa aliyekuwa akitembea maili saba kwenda shule. Silvano hakuzungumza na mama yake tangu Krismasi mpaka Pasaka. Tulicheka sana juu ya hilo, na kumbe mwenzetu hakuwa amecheka hata siku moja.

"Mimi alinipa shuka kumi na mbili za harusi, alizidarizi mwenyewe," Loredana alisema. "Yakaja mafuriko, akawapa watu wa mtoni. Nimeanza ndoa yangu na mataulo." Alianza kucheka, kisha akajifunika uso kwa kitambaa cha jikoni.

Nives alifunga daftari. "Tangu juzi nawauliza watu wanikumbushe bibi yangu, Nonna," alisema. "Kila mtu ananiambia alichopewa. Mkate, chumba, ada ya shule, nguo za mtoto. Hakuna hata mmoja aliyeniambia alichompa."

Silvano alichukua kofia yake.

"Nitamtafuta Tullio Battistel," alisema. "Atamchukua dada yake. Mama yangu haingii majini."

*

Msimfikirie Silvano vibaya. Alikuwa ameshauliza kila mlango. Manispaa haikuruhusu tena kujenga nyumba mpya za zege tangu kile kimbunga kikubwa. Kwenye ukuta wao wa pamoja wenye rafu za kuzikia, foleni ilikuwa ya mwaka na zaidi. Kuchomwa moto, Domitilla mwenyewe alikataa akiwa na akili zake: "Mimi si majani ya miwa." Ilibaki rafu ile, au udongo.

Tullio Battistel alikuwa na miaka sitini na saba, mwenyekiti mstaafu wa chama cha wakulima, mwili mkubwa na nyumba kubwa yenye baraza pande zote. Asubuhi ya Alhamisi alimpokea Silvano barazani, akamwekea kahawa, na hakumruhusu aanze.

"Nimesikia," alisema. "Ni uongo."

"Nimemwona kwa macho yangu, Tullio. Jina na miaka."

"Dada yangu yuko Italia."

"Basi nipe anwani yake."

Tullio alikoroga kahawa isiyo na sukari. Mvua ilianza kwenye mabati, na alipoongea tena ilibidi Silvano amsogelee ili amsikie.

"Nilimwandikia kila Krismasi, miaka tisa. Baba alikuwa akizipeleka barua posta mwenyewe. Alisema mwandiko wangu mbaya, anwani ataandika yeye. Sikujibiwa hata moja. Nikasema, ameolewa na mwenye pesa, ametusahau. Nikamtukana sana moyoni. Baba alipokufa ndipo nikagundua sina anwani."

"Hukuuliza?"

"Nilimuuliza mama. Akaniambia, kula, chakula kinapoa."

Walikuwa wanaume wawili waliosoma darasa moja na kupigana mara mbili kwa ajili ya mpira. Kisha Silvano akatoa karatasi ya Kerrigan, akailaza mezani, akaweka kalamu juu yake ili isipeperuke.

"Tia sahihi. Mpeleke kwa wazazi wake. Ni hatua mia mbili tu kutoka pale alipo. Kila sikukuu ya marehemu mlikuwa mkipita mbele yake na maua yenu."

"Nimpeleke wapi? Zile rafu ni sita. Baba na mama wamo. Yangu, ya mke wangu, za vijana wangu wawili. Majina yote yamechongwa."

"Jina linafutika."

"La nani? Nimwambie kijana wangu hana mahali, kwa sababu ya mtu asiyemjua?"

"Basi lako."

Tullio alimtazama kama aliyeombwa figo. "Na watu watauliza kwa nini. Watasema baba yangu alikuwa mnyama. Jina lake limeandikwa kwenye ukumbi wa wakulima, Silvano, kwa herufi za dhahabu."

"Mama yangu alitoa mahali pake."

"Mama yako alikuwa mama yako. Sisi wengine ni watu." Alisimama, na kahawa ikamwagika. "Nenda. Sina dada aliyekufa."

Silvano aliiacha karatasi pale pale mezani. Njiani alisimamisha gari kando ya miwa, akapiga usukani kwa ngumi mpaka honi ikalia. Alimkasirikia Tullio. Lakini zaidi, na hili alimwambia Pierina baadaye, alimkasirikia mama yake. Maisha yake yote amekuwa akitoa vitu, na waliovikosa ni wengine. Sasa amekufa na bado anatoa.

*

Ijumaa kanisa lilifurika mpaka nje, watu wamesimama chini ya miavuli. Wakata miwa wazee walikuja, wengine kwa viti vya magurudumu. Familia za mtoni zilikuja, na wauguzi wa Kifilipino waliokula kwake Jumapili zote, na mwalimu mmoja mkuu aliyesafiri saa nane kwa gari, ambaye hakujitambulisha kwa mtu. Nives alisoma neno lake bila kutikisika. Alisema Nonna alikuja na sanduku moja na sufuria moja ya ugali wa njano, na kwamba sufuria ile haikuwahi kupikia watu wa nyumbani peke yao. Wengine walilia. Wengine, tusifichane, walikuwa wakimtazama Silvano kuona kama ana aibu.

Makaburini Kerrigan alikuwa amechimba upande wa udongo, chini ya ukuta. Pampu ilikuwa ikiunguruma tangu alfajiri, ikanyonya, na maji yakarudi. Jeneza liliwekwa juu ya mbao mbili, mvua inalipiga. Padri alikuwa ameshafungua kitabu aliposikika mtu anakuja kwenye kokoto, na umati ukampisha.

Alikuwa Tullio Battistel, suti nyeusi, bila mwavuli. Alimpa Silvano karatasi mbele ya watu wote. Imetiwa sahihi.

"Sikulala," alisema. "Mama yako ana haki. Mtoe Ornella. Mweke mama yako."

Umati ukashusha pumzi. Kerrigan aliwapungia vijana wake, wakachukua bisibisi wakaelekea kwenye nyumba ya zege. Loredana alimshika kaka yake mkono kwa nguvu, akilia na kumshukuru Mungu.

"Asante, Tullio," Silvano alisema. "Na yeye utamweka rafu ipi?"

Tullio alitazama chini, kisha akatazama lile shimo.

"Si limeshachimbwa?" akasema.

Pampu ilikohoa ikaendelea. Watu wa mbele walisikia, wa nyuma wakauliza kasema nini, na jibu likapita mdomo kwa mdomo mpaka kwenye geti.

"Kaka, chukua," Loredana alinong'ona. "Chukua hivyo hivyo. Mama aliogopa maji miaka sabini. Ulimwahidi. Huyo msichana si wetu."

"Najua."

"Ameshakaa pakavu miaka hamsini. Inatosha! Silvano, ni mama!"

"Najua ni mama, Loredana. Unadhani sijui?"

Alimtazama Pierina, lakini Pierina alikuwa ameinamisha kichwa, midomo yake inakwenda kwa sala. Alilitazama jeneza. Tulimwona akihesabu kitu kwa midomo, labda miaka. Ornella angekuwa na sabini sasa. Kisha akaikunja ile karatasi mara mbili, taratibu, akairudisha kwenye mfuko wa juu wa koti la Tullio, akaupapasa mfuko.

"Rudi nayo nyumbani. Ukipata rafu, uje," alisema. Akawageukia vijana wa Kerrigan. "Acheni hizo skrubu. Tunazika hapa."

Loredana alimpiga kofi. Lilisikika. Silvano hakuinua mkono. Alingoja kuona kama kuna jingine, halikuwepo, akampa padri ishara asome.

Walilishusha jeneza kwa kamba. Lilipofika nusu lilikaa juu ya maji, likageuka kidogo, likagonga ukuta wa shimo. Vijana walilegeza kamba zote na halikwenda popote. Padri alimaliza sala akaanza nyingine. Mtu mmoja alipendekeza waingoje pampu, mwingine akasema pampu imefanya kazi tangu alfajiri. Kerrigan, ambaye amezika watu miaka arobaini, alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

Silvano alivua viatu vyake, akaviweka pamoja pembeni. Akavua koti akampa Nives. Kisha akakaa kwenye ukingo wa shimo na kuteremka ndani, akasimama kwa miguu miwili juu ya kifuniko, maji yakampanda magotini.

"Mjomba, toka!" Nives alilia. "Mjomba, tafadhali!"

"Tupieni pembeni," Silvano aliwaambia wenye majembe. "Miguuni kwanza, halafu kichwani. Nitatoka likikubali."

Wakatupia. Udongo wetu Februari ni uji tu, unaangukia majini na kuyeyuka, na ikabidi watu zaidi washike majembe. Wakashika wakata miwa wazee, akashika yule mwalimu mkuu. Tullio Battistel alikuwa bado amesimama pale pale, na hakuna aliyempa jembe. Jeneza lilikataa kwa muda mrefu. Kisha Silvano akalihisi chini ya nyayo zake linashuka, kidogo kidogo, mpaka likagusa chini, na hapo yule mtu mkavu akalia kwa sauti mbele ya mji mzima. "Mama, nisamehe," alisema, "Mama, nimekutia majini." Loredana alipiga magoti kwenye ukingo, akanyoosha mikono yote miwili kumpandisha, lakini hakumfikia.